Mgonjwa wa Kitanda cha Sita

Jumanne, 4 Aprili 2017

Meza nimefungua saa mbili. Soksi, mikanda, makava ya simu, chaja. Mtaa wetu wa biashara hapa Joburg, Yeoville, umeamka na mafua, kila mteja anakohoa halafu anaomba apunguziwe.

Nyumbani mdogo wangu Rehema anajaza fomu za uuguzi. Programu ya haraka, mwaka mmoja na nusu, ya watu wenye digrii tayari. Yeye anayo ya biolojia, kaja nayo toka Dar, hapa imemsaidia kusuka nywele. Mimi darasa la tano, nilitoka mbio siku walipoleta hesabu za sehemu. Nikamwambia nikusaidie? Akasema, "Kaka, wewe na chai yako kaeni mbali na hii karatasi." Mama mmoja, baba tofauti, akili tofauti.

Fomu inauliza kwa nini unataka kuwa nesi. Alikaa nusu saa. Nikamwambia andika kaka yangu ana kichaa. Hakucheka. Akaandika ya kwake, akaziba kwa mkono nisione.

Daftari hili kanipa yeye, eti nifanye mazoezi, mwandiko wangu kama kuku kakanyaga wino. Haya. Kuku anaandika.

Ijumaa, 9 Juni 2017

Amepata! Alipiga yowe, mtaa wetu mzima wa Bertrams ukatoka nje ukidhani wezi. Mama Béa, jirani yetu Mkongo, fundi cherehani, alikuja na mkasi mkononi tayari kwa vita. Aliposikia habari akanishika akanizungusha uani. Mimi sijafaulu kitu, lakini nilizunguka.

Masharti ni makali. Ukianguka mtihani wa mwisho, umetoka. Ukikutwa na udanganyifu, umetoka. Na kibali chake cha kukaa nchi hii sasa kinashikiliwa na shule. Shule ikikatika, kibali kimekatika. Nimemwambia usiogope, we soma, maujanja niachie mimi. Kasema maujanja yangu ndiyo anayoyaogopa.

Alhamisi, 15 Machi 2018

Rehema alisahau chakula. Nikampelekea. Shule yao ni jengo la zamani, lilikuwa hospitali, ghorofa ya juu imefungwa. Getini kuna tangazo. Wanatafuta watu wa kujifanya wagonjwa, wanafunzi wapate wa kufanyia mazoezi. Unalala kitandani, unalipwa. Nilisoma mara tatu nikidhani Kiingereza kinanidanganya.

Ndani nikakutana na Sista Nomvula, ndiye mkuu wa mazoezi. Mama mnene, saa imening'inia kifuani. Akaniambia nilie kama tumbo linakata. Nililia. Mlinzi akaja mbio kutoka getini. Kazi nimepata.

Fomu yao ina swali: una ndugu anayesoma hapa? Nikaweka tiki kwenye hapana. Majina ya baba zetu hayafanani, nani atajua. Rehema nitamwambia. Siyo leo.

Jumatano, 28 Machi 2018

Siku ya kwanza kazini. Wodi ya mazoezi ina vitanda sita. Vitano wamelala midoli, watu wa plastiki, vinywa wazi. Cha sita, cha mwisho, ni changu. Nikawasalimia wenzangu. Hakuna aliyeitika. Joburg watu wana dharau.

Kadi yangu: mwanaume, miaka arobaini, kifua kinabana. Natakiwa nigune, nishike kifua, niseme naogopa. Wanafunzi kumi na wawili, mmoja mmoja. Anashika mkono wa kulia, anaangalia saa, anafunga mashine ya presha, anaandika. Dada mmoja wa Soweto alinihurumia kweli, akanifuta jasho ambalo sina.

Mchana nilifumba macho kidogo. Mtu akanishika mkono wa kushoto. Vidole viwili, pale pale kwenye mshipa, taratibu, kama anahesabu. Nikamwacha ahesabu. Nikafumbua macho nimpe tabasamu.

Hakuna mtu. Na kushoto kwa kitanda changu ni ukuta.

Usingizi tu huo.

Jumanne, 10 Aprili 2018

Nimekamatwa. Rehema kaingia na kundi lake, kanikuta kitandani na gauni la hospitali lililo wazi mgongoni. Alisimama kama kapigwa na shoti. Halafu akaja, Kiingereza kimenyooka: "Habari za asubuhi, bwana. Naitwa Rehema, leo nitakuhudumia mimi." Akanifinya ubavuni. Hiyo haikuwa kwenye kadi.

Nyumbani moto. "Umeandika huna ndugu? Kaka, huo ni udanganyifu! Wakijua natoka mimi, siyo wewe!" Nikamwambia basi naacha. Akasema ukiacha sasa hivi watauliza kwa nini. Tukakubaliana: siku za kundi lake sitokei.

Kampigia na Mama, Tanga. Mama akaomba nipewe simu. Akasema watu wanaukimbia ugonjwa, wewe unaulalia? Huo ni uchuro, Shabani. Ugonjwa ukiitwa unaitika. Nikamjibu, Mama, mimi nauita kwa Kiingereza, hautaelewa.

Hakucheka. Mama huwa anacheka.

Jumatatu, 18 Juni 2018

Baridi ya kukata masikio. Maji ya bomba yameganda uani.

Leo vidole vimekuja tena. Mara ya nne hii. Sikufumba macho yote, niliacha upenyo. Mwanafunzi alikuwa upande wa kulia, anaandika, mikono yake yote naiona. Nikaangalia mkono wangu wa kushoto. Nyama ya kifundo imebonyea. Mahali pawili, kama unavyobonyeza maandazi. Ikabaki hivyo. Halafu ikajaa polepole.

Nikamuuliza Sista Nomvula hapa palikuwa nini zamani. Kasema wodi ya wanaume, wa migodini, wenye mapafu mabovu. Wodi ndefu, vitanda kumi na viwili. Nikasema mbona mimi naona sita? Akauonyesha ule ukuta kwa kalamu. Uliongezwa baadaye.

Wakati wa kutoka nilizunguka nje kwa nyuma. Nusu ile ya pili madirisha yamezibwa kwa matofali. Nilisimama pale kidogo. Nikajichekesha, nikasema kwa sauti, jamani majirani, shikamooni. Nikaondoka haraka sana.

Ijumaa, 17 Agosti 2018

Mdomo wangu huu utanizika.

Leo lilikuwa somo la kuandaa maiti. Mdoli wa somo hilo kavunjika shingo. Sista anataka kuahirisha. Mimi nimekaa kitandani nakula chungwa. Nikasema, Sista, acha nife mimi, nina uzoefu wa kulala. Wanafunzi wakacheka. Kundi siyo la Rehema, afadhali. Sista akaniangalia sana, akasema sharp, yaani sawa, lala.

Walinifumba macho. Wakanipitishia bendeji chini ya kidevu, wakaifunga juu ya kichwa, taya likakaza. Kidole gumba cha mguu wakakitundikia karatasi. Shuka mpaka juu. Baba yangu taya lake nililifunga mimi mwenyewe, kwa kipande cha sanda. Nilikuwa nimesahau. Kitambaa kilipogusa kidevu nikakumbuka hata harufu ya karafuu maiti.

Sista akasema tusimame kimya dakika moja, ndiyo heshima. Wakanyamaza. Upepo wa Agosti nje unavuta bati mahali.

Vidole vikaja. Kushoto. Vikakaa kwenye mshipa, vikahesabu. Nilijua vinahesabu, vilikuwa vinagusa na kuachia, vinagusa na kuachia. Halafu vikaacha kuhesabu. Havikuondoka. Vimetulia tu, kama mtu aliyefika mwisho wa hesabu yake.

Nilitaka kupiga kelele, taya limefungwa. Nikarusha miguu yote miwili. Wanafunzi wakapiga yowe, mmoja akaanguka chini kabisa. Baadaye tukacheka wote, Sista mpaka machozi.

Niliogopa. Naandika hapa kwa sababu hakuna wa kusoma. Niliogopa kama mtoto.

Jumamosi, 18 Agosti 2018

Sijafungua meza. Nimeoga mara tatu. Rehema kauliza una nini. Nimesema mafua.

Jumapili, 7 Oktoba 2018

Joto limerudi, mijakaranda imechanua maua ya zambarau. Mkono wa kushoto umegoma. Jana umeangusha chaja mbili mbele ya mteja, nikamwambia ndiyo tunapima uimara. Kununua hakununua.

Mama Béa alitoka kanisani, akataka kuniombea. Huwa ananiombea hata nikimwambia mimi Muislamu, anasema Mungu anajua kupanga barua zake. Akanishika mikono yote miwili. Akaiachia.

"Yesu wangu! Hii ya kuume iko moto, hii ya kushoto iko baridi sawa samaki ya frigo. Shabani, ulienda kulala wapi weye?"

Nikamwambia kazini. Hakuomba tena. Alikaa ananiangalia kifundo cha mkono, mpaka nikakificha mfukoni.

Jumanne, 20 Novemba 2018

Nimejaribu kuacha kazi. Nimemwambia Sista nimechoka kuumwa. Nilidhani atacheka. Kasema wagonjwa wengine wawili wa kujifanya wameondoka, mitihani ya mwisho ni Februari, na kadi ya moyo naijua mimi tu. Nikitoka, mtihani utasogezwa mpaka katikati ya mwaka.

Kibali cha Rehema kinaisha mwezi wa nne.

Sikumwambia Sista kwa nini nimebadili mawazo. Nimesema basi sawa, nitaugua.

Rehema anasoma anasinzia, kichwa juu ya kitabu, mate kwenye picha ya figo. Amekonda. Kila kitu changu kinauma kidogo nikimwangalia. Mkono sijamwambia. Afaulu kwanza.

Jumatatu, 11 Februari 2019

Mitihani kuanzia kesho. Mimi Jumanne na Jumatano. Kundi la Rehema Alhamisi, mgonjwa wao ni mzee mmoja mstaafu. Tumehakikisha ratiba mara mbili. Umeme unakatwa kwa zamu tena, kasoma kwa tochi ya simu yangu.

Mgongo umekaza toka asubuhi, katikati ya mabega. Nimebeba mzigo vibaya.

Jumapili, 24 Februari 2019

Naandika nimelala. Hospitali ya kweli hii. Naandika polepole, mistari inapanda milima. Mengine nimeambiwa na Rehema.

Jumanne ile umeme ulikatika wodini saa nne. Wakaangalia ratiba ya mgawo, wakakuta Alhamisi ni giza karibu siku nzima. Sista akaamua kundi la Alhamisi liletwe kwangu siku ile ile, haraka haraka. Mimi kitandani sijui lolote. Mashine ya presha imezima. Wanafunzi wanapewa ile ya mkono, ya kupampu.

Msimamizi alikuwa mtu wa nje, mwanaume mwenye tai, ubao wa kuandikia mkononi. Mwanafunzi wa pili alipokuwa kwangu, kitu kikachanika mgongoni. Sijui niseme vipi. Kama kanga ikipasuliwa, lakini ndani yangu, kutoka juu kwenda chini. Nikapiga kelele. Kelele ya kweli. Msimamizi akatabasamu. Akaandika. Akasema vizuri sana, hivyo hivyo.

Nikasema kwa Kiingereza changu chote, siyo mchezo, nakufa. Mwanafunzi akanishika bega, akasoma kadi: mgonjwa atasema anaogopa kufa. Ni kweli. Imeandikwa kwenye kadi. Nimeisema mara mia.

Mwaka mzima nimewauzia maumivu ya uongo. Nilipokuja na ya kweli hayakuwa na soko.

Mlango ukafunguka. Mwanafunzi wa tatu. Rehema.

Nikanyamaza. Maumivu yamezidi sauti, na mimi toka utotoni nikiumia kweli huwa nanyamaza, hilo analijua yeye na Mama tu. Msimamizi akasema, mgonjwa tafadhali, fuata kadi. Rehema akanisalimia kama mgeni. Akafunga mpira mkono wa kulia, akapampu, akasikiliza, akaandika. Pale alikuwa amemaliza. Wenzake wote waliishia pale.

Yeye akainama juu yangu, akauvuta mkono wa kushoto kutoka upande wa ukuta. Mwaka mzima hakuna mwanafunzi aliyeugusa. Akapampu. Akasikiliza. Akarudia. Akaweka vidole vyake, vya moto, akatafuta mshipa. Anatafuta, anatafuta.

Uso wake sitausahau. Alikuwa anapiga hesabu. Kufuata kadi: amefaulu, nesi, kibali. Kusema: kila kitu kwisha.

Haikuchukua muda. Aliniita "Kaka." Kwa sauti, wodini, mbele ya wote. Halafu akageuka: "Huyu mgonjwa kweli. Mkono huu hauna mapigo." Yule bwana akasema endelea na kadi, dada. Rehema akamnyang'anya ubao ule, akautupa sakafuni. "Huyu ni kaka yangu! Simamisheni mtihani, iteni ambulensi!"

Kabla sijapotea nilisikia Sista Nomvula anakimbia. Sikujua anaweza kukimbia.

Nimepasuliwa kifua. Daktari kaeleza kwa mchoro. Mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo ulikuwa umevimba miezi mingi, ukaubana ule unaokwenda mkono wa kushoto. Siku ile ukaanza kuchanika. Nusu saa zaidi nisingekuwepo. Nikamuuliza, mshipa ukibanwa mtu anaweza kuhisi kama anashikwa? Kasema mkono ukikosa damu unahisi mambo mengi, ganzi, kuchomwa, kubanwa. Sawa. Nikamuuliza, na nyama kubonyea yenyewe?

Akaangalia saa yake. Kasema nipumzike.

Ijumaa, 15 Machi 2019

Niko nyumbani. Kutembea mpaka getini na kurudi, naona nimefika Pretoria.

Leo kamati imemwita Rehema. Wamemuuliza ulijua toka lini kwamba ni kaka yako? Angeweza kusema sikumtambua na lile gauni. Kasema toka Aprili mwaka jana. Mtihani wake umefutwa. Walitaka kumtoa kabisa. Sista Nomvula alisimama, akasema miaka yote amefundisha kwenye chumba kile, na huyu ni wa kwanza kumpima mgonjwa badala ya kadi. Wakabishana saa mbili. Mwisho: arudie muhula wote wa mwisho, miezi sita, na barua ya kibali atapewa. Mimi nisionekane hata getini.

Nimemharibia. Sina mzaha wa kuweka hapa. Tiki moja, ya kwangu.

Nikamwambia ungenyamaza, ungefuata kadi. Akasema, "Na wewe ningekupeleka wapi?" Akaingia jikoni akagonga masufuria.

Jumatano, 20 Machi 2019

Toka Ijumaa hajaongea na mimi. Leo kaniwekea uji. Hauna sukari. Nimekunywa wote.

Jumatatu, 30 Septemba 2019

Rehema alifaulu mwezi huu. Ukumbini walikula kiapo cha unesi wamesimama mistari. Mimi sikwenda, sharti ni sharti. Mama Béa ndiye alikwenda kwa niaba ya ukoo, na kofia mpya, akarudi kope zimevimba kwa kulia.

Leo ilikuwa zamu yake ya kwanza ya peke yake. Hospitali ya serikali, wodi ya wanaume. Nimepika wali na maharage, nimeweka na pilipili pembeni. Mvua ya kwanza ilianza alasiri, mvua kubwa, na mawe.

Karudi amelowa, viatu mkononi, soksi zinachora maji sakafuni. Akakaa. Nikamuuliza kulikuwaje. Kasema amewafumba macho watu wawili. Mmoja alikuwa mzee wa Limpopo, alimwambia asante kabla.

Kabla ya nini sikuuliza.

Akala kidogo. Akasema, "Kaka, niambie kitu cha kuchekesha." Nikatafuta. Naapa nilitafuta, kichwani, mfukoni, kila mahali. Sikupata hata kimoja. Tukakaa tunasikiliza mvua inavyopiga bati.

Halafu akacheka, peke yake, taratibu, anaangalia mlangoni, nyuma yangu. Kama kuna mtu kasimama pale kasema jambo.

Sikugeuka. Nikamwongezea wali.